Babu Alitoka Ayalandi? Namna ya Kumtafuta, Hatua kwa Hatua

Maswali ni yale yale. "Bibi alikuwa akisema baba yake ni Mwayalandi, naanzia wapi?" "Ukoo wetu ni Murphy, kwao ni kijiji gani?" "Nasikia rekodi zao zote ziliungua, ni kweli?" Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nayajibu yote hapa. Kwa kifupi: unaanzia nyumbani kwako, si Dublin, jina la ukoo peke yake halikufikishi popote, na moto ulikula nyingi, si zote.

Wanaouliza si wachache. Wapo waliooa au kuolewa Boston, London au Dublin kwenyewe, na sasa watoto wanataka habari za upande wa pili. Wapo ambao babu yao alifika Afrika Mashariki enzi za mkoloni, akiwa askari, karani au mlowezi. Na anayedhani haya ni mambo ya Wazungu watupu amkumbuke Barack Obama. Njia ya Kogelo kila Mkenya anaijua, lakini upande wa mama njia inakwenda Moneygall, kijiji kidogo cha kaunti ya Offaly, alikotoka Falmouth Kearney mwaka 1850 kwenda Marekani. Obama alikitembelea Mei 2011. Muhammad Ali naye, yule aliyetikisa Kinshasa mwaka 1974, baba wa babu yake mzaa mama alikuwa Abe Grady wa Ennis, kaunti ya Clare. Ali alifika Ennis mwaka 2009 na mji mzima ukamwagika barabarani.

Ona kwamba kila mmoja wao ana jina la mahali. Hilo ndilo unalolitafuta. Mengine yote katika mwongozo huu ni njia za kulifikia, na baada ya kulifikia, kulitumia.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina kamili la mhusika, pamoja na majina ya nyumbani aliyoitwa.
- Mwaka wa kuzaliwa, hata wa kukadiria. Jiachie nafasi ya miaka mitano mbele na mitano nyuma.
- Dhehebu lake. Mkatoliki, Mwanglikana na Mpresbiteri wana vitabu tofauti, vimehifadhiwa mahali tofauti.
- Majina ya mke, kaka na dada zake. Usiwadharau hawa, mara nyingi ndugu aliyebaki ndiye anayekuonyesha kwao.
- Nchi aliyotua, na mwaka.
- Daftari la kuandika kila ulichotafuta, hata pale ulipotoka mikono mitupu. Bila hilo utarudia kazi ile ile mwezi ujao.
- Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya rekodi za ukoo. Ni bure.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za serikali pale Four Courts, Dublin, lililipuka na kuungua. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote, pamoja na wosia na vitabu vingi vya Kanisa la Ayalandi, yaani Waanglikana. Sensa za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe, na za 1881 na 1891 ziligeuzwa rojo la karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo usiulaumu moto kwa kila kitu.

Vilivyonusurika ni vile ambavyo havikuwamo humo: sensa za 1901 na 1911, vizazi, ndoa na vifo vilivyoandikishwa serikalini, vitabu vya parokia za Kikatoliki, na daftari la kodi ya ardhi. Hivyo vinne ndivyo vitakavyokubeba.

Jambo la pili ni mgawanyo wa nchi. Kisiwa kina kaunti 32: 26 ziko Jamhuri na 6 Ayalandi ya Kaskazini, chini ya Uingereza. Ndani ya kaunti kuna parokia, na ndani ya parokia kuna vitongoji. Kitongoji, ambacho kwenye fomu za mtandaoni utakiona kimeandikwa townland, ndiyo anwani ya mtu wa shamba. Viko zaidi ya 60,000, na vingine vilikuwa na nyumba tatu tu.

Hatua

1. Kaa na wazee kwanza. Kabla ya kugusa kompyuta, mtafute mtu mzee kuliko wote katika ukoo na umrekodi kwa simu. Usimuulize "babu alitoka wapi?", maana atakujibu "Ayalandi" na habari itaishia hapo. Muulize: alisali kanisa gani? Nani alimwandikia barua? Nani alikuja kwenye mazishi kutoka mbali? Kuna picha yenye maandishi nyuma? Kuna misale au rozari ya zamani? Misale nyingi zina kadi za kumbukumbu ya marehemu zilizochomekwa ndani, na kadi hizo hutaja mahali.

Angalia: hadithi ya nyumbani ni fununu, si ushahidi. "Jina letu lilibadilishwa na karani wa Ellis Island", kile kituo cha kupokelea wahamiaji New York, ni hadithi inayopendwa sana, lakini makarani wale walifuata orodha za meli, na kituo chenyewe kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Kama babu yako alifika 1850 hakupita hapo kabisa.

2. Imalize nchi aliyotua. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu. Wanaruka moja kwa moja hadi Dublin na kuandika "Patrick Murphy", wanapata maelfu, wanakata tamaa. Rekodi itakayokupa kitongoji mara nyingi iko nje ya Ayalandi.

Kama alitua Marekani, tafuta cheti cha kifo (majimbo mengi yanaandika majina ya wazazi), kitabu cha ndoa cha parokia yake, jiwe la kaburi, tangazo la tanzia gazetini, na karatasi za uraia. Za baada ya 1906 ndizo zenye maelezo ya maana. Za kabla yake huandika "Ireland" tu. Kama aliishi New York, kuna hazina ambayo wengi hawaijui: madaftari ya Emigrant Savings Bank, benki iliyoanzishwa 1850, ambamo karani aliandika mteja alikozaliwa, meli aliyokuja nayo na majina ya jamaa zake. Gazeti la Boston Pilot nalo kati ya 1831 na 1921 lilichapisha matangazo ya watu wakiwatafuta ndugu zao waliopoteana, na mengi yanataja parokia na hata kitongoji.

Kama alikuwa askari wa Mwingereza, karatasi zake za kuachishwa jeshi, zilizoko Hifadhi ya Nyaraka ya Kew, London, kwa kawaida hutaja parokia ya kuzaliwa na mji wa karibu. Kama aliishia kwetu, anza na vitabu vya kanisa alikooa au alikozikwa, kisha Nyaraka za Taifa pale Nairobi.

Angalia: orodha za abiria huwa hazisaidii kupata kijiji. Na jiwe la kaburi linalosema "Cork" wakati mwingine linataja bandari aliyopandia meli tu.

3. Pata jina la mahali, kisha lisafishe. Umepata neno kama "Ballynahoun" limeandikwa na karani wa Ohio aliyeandika alivyosikia. Ingia logainm.ie, hifadhi rasmi ya majina ya mahali, ujaribu tahajia mbalimbali. Tamka kwa sauti. Badilisha irabu. Ukipata vitongoji vitatu vinavyofanana, viandike vyote, na majina ya jamaa ndiyo yatakayochuja.

Kumbuka pia kwamba baadhi ya majina yalibadilika karibu na wakati wa uhuru. Offaly ya leo iliitwa King's County, Laois iliitwa Queen's County, na bandari ya Cobh iliitwa Queenstown kuanzia 1849 hadi 1920. Falmouth Kearney hakuwahi kuishi "Offaly" kwenye karatasi yoyote ya wakati wake.

4. Fungua sensa za 1901 na 1911. Ziko bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Ayalandi, na unaona fomu yenyewe, mara nyingi kwa mwandiko wa mwenye nyumba. Hata kama babu yako aliondoka zamani, kuna kaka au mpwa aliyebaki. Sensa ya 1911 iliwauliza wanawake walioolewa wamekaa kwenye ndoa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Swali la kikatili kidogo, lakini kwa mtafutaji ni dhahabu: ukiona kumi kwa saba, unajua kuna vifo vitatu vya kutafuta.

Sasa umri. Usiuamini. Utakuta mtu ana miaka 58 mwaka 1901 na 71 mwaka 1911. Hapo katikati, kuanzia Januari 1909, serikali ilianza kulipa pensheni kwa waliofikisha miaka 70, na wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa cha kuwasuta. Kisiwa kizima kilizeeka kwa kasi. Nawaelewa.

Sensa ya 1921 haikufanyika kwa sababu ya vita vya kupigania uhuru. Inayofuata ni ya tarehe 18 Aprili 1926, ya kaunti 26 tu, na kwa kanuni ya miaka 100 zamu yake ya kufunguliwa ni Aprili 2026.

5. Chukua vyeti vya serikali. Nenda IrishGenealogy.ie. Ni bure, na picha za vitabu vyenyewe zipo: vizazi vya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa za zaidi ya miaka 75, vifo vya zaidi ya miaka 50. Uandikishaji wa wote ulianza tarehe 1 Januari 1864. Ndoa zisizo za Kikatoliki ziliandikwa tangu Aprili 1845. Kwa kaunti sita za Kaskazini tumia ofisi ya usajili ya Belfast, ambako unalipa kidogo kwa kila rekodi unayofungua.

Cheti cha kuzaliwa kinakupa jina la mama kabla ya kuolewa. Cheti cha ndoa kinakupa baba wa bwana na baba wa bibi arusi pamoja na kazi zao, lakini mama zao hawamo. Tafuta ndoa kwenye parokia ya bibi arusi, maana huko ndiko ilikofungwa kwa kawaida, na angalia sana wiki za kabla ya Kwaresima, msimu wao mkubwa wa harusi.

Angalia: wilaya za usajili hazifuati mipaka ya kaunti. Mtu wa kaunti moja anaweza kuandikwa kwenye mji wa kaunti jirani. Na usishtuke ukikuta mtoto amebatizwa wiki tatu kabla ya "kuzaliwa". Waliochelewa kuandikisha walitozwa faini, basi baba alisogeza tarehe mbele. Uamini ubatizo.

6. Ingia vitabu vya parokia. Kwa mambo ya kabla ya 1864 hapa ndipo penyewe. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeweka picha za vitabu vya Kikatoliki kwenye registers.nli.ie bila malipo tangu 2015, hadi takriban mwaka 1880. Parokia nyingi za mashambani vitabu vyake vinaanzia miaka ya 1820 au 1830, na za magharibi huchelewa zaidi.

Vingi vimeandikwa Kilatini, lakini ni Kilatini cha kujazia fomu. Jacobus ni James, Joannes ni John, Gulielmus ni William, Brigida ni Bridget. Honora unaweza kumkuta baadaye akiitwa Nora, Hanora au Annie, mtu yule yule.

Siku zote andika wasimamizi wa ubatizo. Walikuwa shangazi, wajomba na majirani, na ukiwa na familia mbili zenye majina sawa, wasimamizi ndio wanaokuambia ipi ni yako.

Wengi pia walifuata utaratibu wa kurithisha majina. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Msomaji Mkikuyu hapa hahitaji maelezo, isipokuwa kwa mabinti: kwao binti wa kwanza alichukua jina la bibi mzaa mama, si mzaa baba. Utaratibu huu hukusaidia kubashiri jina la babu usiyemjua, kisha unakwenda kulithibitisha. Na mtoto akifariki, jina lake alipewa anayefuata, kwa hiyo ukikuta Michael wawili nyumba moja, usimfute wa kwanza ukadhani ni makosa.

7. Tafuta shamba. Daftari la kodi linaloitwa Griffith's Valuation, la kati ya 1847 na 1864, linaorodhesha kila mwenye kushika ardhi au nyumba, kitongoji kwa kitongoji, pamoja na jina la mwenye ardhi aliyempangisha. Liko bure kwenye askaboutireland.ie, na ramani zake. Ukiona "John Ryan (Pat)", maana yake ni John mwana wa Pat. Kaunti ya Tipperary akina Ryan ni wengi mno kiasi kwamba karani hakuwa na njia nyingine. Kwa miaka ya 1823 hadi 1838 kuna madaftari ya zaka iliyotozwa kwa ajili ya Kanisa la Ayalandi, hata kwa Wakatoliki, na walichukia kweli kweli.

Angalia: daftari la Griffith liliandikwa wakati wa Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 na baada yake. Watu takriban milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja waliondoka. Kutomwona babu yako humo si uthibitisho kwamba hakuishi pale. Huenda alikuwa kibarua asiye na shamba, au alishapanda meli.

8. DNA, ukipenda. Ile asilimia inayosema "Mwayalandi 23%" ni ya kufurahisha kwenye simu tu. Chenye faida ni orodha ya watu ambao DNA yao inalingana na yako, maana mmoja wao anaweza kuwa bado analima kitongoji kile. Mpime mzee kuliko wote, si kijana, kwa sababu damu ya babu wa zamani hupungua kila kizazi. Na waambie jamaa mapema kwamba kipimo huibua mambo: watoto wa nje, baba asiye baba. Asiyetaka kujua aachwe.

9. Nenda. Kabla ya kukata tiketi, andika kwa Ireland Reaching Out, jumuiya ya wanaojitolea kuwaunganisha wageni na watu wa parokia husika. Mwandikie paroko, usimvamie Jumapili asubuhi. Ukifika, anzia makaburini, kisha duka au baa ya kijiji. Sema jina la kitongoji kwanza ndipo la ukoo. Ukisema "mimi ni Murphy" watatabasamu kwa adabu. Ukitaja kitongoji, kuna mzee atakayeinuka kwenda kumpigia mtu simu. Na hicho kikombe chenye "nembo ya ukoo" kwenye duka la uwanja wa ndege, kiache. Nembo hupewa mtu, si kila mwenye jina hilo duniani.

Ukikwama

*Jina halipatikani popote.* Ondoa au ongeza O' na Mac. Sullivan na O'Sullivan wanaweza kuwa baba na mwana. Jaribu pia kutafuta kwa jina la kwanza na kitongoji tu, bila ukoo.

*Wamejitokeza watano wenye jina moja na umri mmoja.* Usichague anayekupendeza. Mfuatilie kila mmoja hadi afe au aoe; atakayebaki bila maelezo ndiye wa kuchunguzwa. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato.

*Kitabu cha parokia kina pengo.* Angalia parokia jirani, kisha RootsIreland, tovuti ya kulipia ya vituo vya ukoo vya kaunti, ambayo imenakili vitabu vingine visivyo na picha mtandaoni. Lipia mwezi mmoja, ukiwa na orodha ya maswali tayari.

*Babu alikuwa Mwanglikana na vitabu viliungua.* Si vyote vilivyopelekwa Dublin. Jaribu Virtual Record Treasury, mradi uliozinduliwa 2022 kukusanya nakala za vilivyopotea, na ofisi ya kumbukumbu ya PRONI, Belfast, kwa upande wa Kaskazini.

*Nataka pasipoti.* Babu au bibi aliyezaliwa kisiwani Ayalandi anakupa haki ya kuomba uraia kupitia daftari la wazaliwa wa ng'ambo. Mzazi wa babu hatoshi, labda mzazi wako awe alishajiandikisha kabla hujazaliwa wewe. Hapo watataka vyeti halisi, si picha ulizopakua.

*Nimefanya yote na bado.* Basi uliza, lakini uliza hivi (majina ya kubuni): "Natafuta kitongoji cha Thomas Dwyer, Mkatoliki, alizaliwa kati ya 1838 na 1843. Alimwoa Honora Ryan huko Troy, New York, 1866. Dada yake Bridget alikuwa msimamizi wa mtoto wa kwanza. Cheti cha kifo kinasema Tipperary na baba ni Cornelius. Nimeshaangalia ubatizo wa parokia za Cappawhite na Doon, sikumpata." Swali la namna hiyo hupata majibu siku hiyo hiyo. Lile la "nani anaijua familia ya Murphy?" hata mimi nalipita.